Gitaa Lililolala Kitandani

Wapendwa, leo nina habari ya mtu na gitaa lake. Mtu huyu si wa usharika wetu, kwa hiyo acheni kugeuka kuangalia upande wa kwaya. Nimewaona. Huyu ni wa kule juu Rungwe, ambako mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea. Kama umetoka kule na umeshajua ni kijiji gani, nakuomba ukae na siri yako mpaka tutoke nje.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja aliyeitwa Ambakisye. Siku za kazi alishona sare za shule, na Jumapili alipiga gitaa la umeme kanisani. Gitaa lenyewe alilinunua mwaka themanini na nne kutoka kwa bendi moja ya Mbeya iliyovunjika. Wanamuziki waligombana, wakauza kila kitu mpaka viti, na Ambakisye akapata gitaa kwa bei ya kutupa. Lilikuwa jekundu. Basi mpaka miaka hii, pale mkono wa mpigaji unapoegemea rangi ilishaisha, mbao ikawa inachungulia. Kitufe cha kuongezea sauti kilipotea, akaweka kifuniko cha dawa ya meno. Uzi wa tatu ulikuwa haukazwi kwa vidole, ulikazwa kwa koleo. Kichwani paliandikwa jina la kampuni, lakini herufi zilifutika zikabaki mbili tu, na hakuna mtu aliyewahi kujali ni zipi.

Lakini lilipolia, ndugu zangu, hata wale wa benchi la nyuma waliokuja kumalizia usingizi walifumbua macho. Mwalimu wa kwaya, Mama Bupe, alikuwa anasema gitaa la Baba Ambakisye lina adabu: linawaonyesha waimbaji pa kuingilia, halafu linakaa pembeni linawasikiliza.

Na siku ambazo halipigwi lilitunzwaje? Liliegemezwa nyuma ya mlango. Kuku aliwahi kutaga chini yake na akatotoa. Siku moja mkewe, Tusekile, alikosa fimbo ndefu akalichukua gitaa, akaenda kuangushia parachichi. Ambakisye alimwona. Unajua alisema nini? Alisema, "Mama, ukimaliza ulifute." Basi. Hakukuwa na kikao cha ukoo.

Sasa huyu Ambakisye alikuwa na rafiki, Lwitiko, ambaye walikua pamoja tangu wanachunga ng'ombe. Lwitiko alikuwa anaimba besi kwenye kwaya. Alikuwa na sauti ile ambayo ukikaa karibu naye benchi linatetemeka. Akapatwa na kiharusi. Upande wote wa kushoto ukalala, na mdomo nao nusu yake ukalala, ikawa hawezi tena kwenda kanisani. Basi kila Jumapili alasiri Ambakisye alitundika gitaa begani, akashika spika ndogo ya betri mkononi, akaenda kwa Lwitiko kumpigia nyimbo za kwaya. Lwitiko akaimba besi yake kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki. Mke wa Lwitiko alikuwa anasema hiyo ndiyo saa pekee katika juma zima ambayo mume wake hagombani na mtu. Na muuguzi wa zahanati aliwaambia waendelee hivyohivyo, maana kuimba kunamrudishia ulimi.

Wakaendelea hivyo karibu mwaka. Halafu ikaja harusi.

Kwenye harusi hiyo alikuwepo mgeni kutoka Dar es Salaam, kijana wa miwani nyeusi. Ambakisye alipomaliza kupiga, yule kijana akasogea, akaliangalia gitaa mbele na nyuma.

"Shikamoo mzee. Hili ni la mwaka gani?"

"Marahaba. Mimi nililipata themanini na nne, na lenyewe lilikuwa limeshazeeka."

Kijana akapiga mluzi. "Mzee, unajua magitaa ya zamani yanatafutwa sana huko Ulaya? Kuna watu wanalipa bei ya gari."

Sikilizeni vizuri alichosema. Alisema "magitaa ya zamani". Alisema "kuna watu". Je, mmemsikia akisema "hili"? Hakusema. Akala pilau yake, akaondoka zake, na mpaka leo hajaonekana tena.

Lakini kabla keki haijakatwa, lile gari lilikuwa limeshageuka basi. Jumatatu basi likawa nyumba ya ghorofa. Jumatano akaja mtu kutoka kijiji cha pili kuuliza kama ni kweli Ambakisye ameitwa ubalozini. Na watu ambao hawajawahi kushika uzi hata wa kufungia kuni, wote wakawa mabingwa wa magitaa. Mmoja akaligonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akatega sikio, akasema, "Mbao za siku hizi haziitiki hivi." Mwingine akalinyanyua juu, akalishusha, akasema ubora unajulikana kwa uzito. Wa tatu, na hapa nasema kweli tupu, alilinusa. Akafumba macho, akavuta harufu, akasema, "Mjerumani."

Watu wakaitikia, "Mjerumani!"

Na kile kifuniko cha dawa ya meno? Mtu alipotaka kukitoa, mabingwa walimzuia. "Acha! Hicho ndicho kinachoonyesha kwamba ni la asili."

Nawauliza, wapendwa: kati ya Jumamosi ya harusi na Jumatano hiyo, ni kitu gani kilibadilika kwenye lile gitaa? Nyuzi ni zilezile. Mbao ni ileile. Harufu yenyewe, nadhani, ilikuwa ya kuku.

Aliyebadilika ni Ambakisye. Alinunua kufuli. Akalifunga gitaa ndani ya nailoni, juu ya nailoni akaweka blanketi, juu ya blanketi hilo akaweka la pili, kisha akalilaza kitandani, upande wa ukutani ambako hakuna upepo. Tusekile akaja na taa yake kulala, akakuta pamejaa.

"Baba, mimi nalala wapi?"

"Tandika mkeka hapo chini, ni kwa muda tu."

"Na baridi hii?"

Ambakisye akamjibu kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza jambo la kitaalamu. "Wewe ukipata baridi utakunywa chai upone. Mbao ikipata baridi inapinda, na ikipinda bei inashuka."

Akina mama, naona mnamtazama mtu. Msimtazame. Ngoja nimalize.

Jumapili ikafika, Ambakisye akaja kanisani, mkono mmoja mwavuli, mkono wa pili mtupu. Mama Bupe akamfuata mlangoni.

"Baba, leo tunaimba na nini?"

"Imbeni kwa sauti."

"Sauti tunazo tangu tuzaliwe. Nauliza gitaa."

"Mama Bupe, kile si kitu cha kutoatoa nje."

Kwaya ikaimba bila gitaa. Wakaanza wimbo mmoja, wakamaliza wakiwa kwenye nyimbo mbili, akina baba huku na akina mama kule, na mzee wa kanisa akatangaza sadaka katikati kwa sababu alidhani wamemaliza.

Alasiri Ambakisye akaenda kwa Lwitiko, kama kawaida. Lwitiko alikuwa ameshawekewa mto mgongoni, amechanwa nywele, yuko tayari. Akautazama mkono wa Ambakisye.

"Liko wapi?"

"Mvua, ndugu yangu."

Lwitiko akageuza jicho dirishani. "Tangu tuzaliwe wewe na mimi, hii mvua imewahi kuacha?"

Juma la pili Ambakisye akaja tena bila gitaa. Akasema limepumzishwa.

"Limechoka?" akauliza Lwitiko. "Mimi ndiye niliyepigwa kiharusi."

Walicheka wote wawili, lakini Ambakisye alicheka akiangalia viatu vyake. Juma la tatu hakwenda. Angekwenda akaseme nini? Kila Jumapili alasiri akawa anakaa kwenye kiti karibu na kitanda, analilinda gitaa, na wakati mwingine anaweka mkono juu ya blanketi, kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa nyumba ya sita kutoka pale.

Ikapita miezi saba. Miezi saba, mke kwenye mkeka, gitaa kitandani! Siku moja Tusekile aliamka kiuno kimekaza, akasimama mlangoni, akasema, "Baba, leo tunakwenda Mbeya. Kule yupo fundi wa magitaa. Akatuambie bei, liuzwe, nami ninunue kitanda changu. Usipotaka kwenda, leo nalitumia kuangushia parachichi tena."

Wakaenda. Tusekile ndiye aliyelibeba, kwa sababu Ambakisye aliogopa kuliangusha. Alilifunga mgongoni kwa kitenge, na mablanketi yake yote, kichwa kimefunikwa. Pale stendi mama mmoja akamwambia, "Hongera, ni wa ngapi?" Tusekile akamjibu, "Huyu ni wa mume wangu peke yake."

Yule fundi aliitwa Mzee Chaula. Alikuwa amepiga na kutengeneza magitaa miaka arobaini, na meza yake ilijaa nyuzi kama kiota. Akalifungua lile blanketi la kwanza, la pili, na nailoni. Hakulinusa. Hakusoma hata zile herufi mbili. Alilishika kama mwindaji anayelenga shabaha, jicho moja amefumba, akaangalia shingo kuanzia mwanzo hadi mwisho kama imenyooka. Akabonyeza kila uzi mahali pengi, akisikiliza. Akapitisha kidole kwenye vile vyuma vyembamba vya shingoni. Akafungua skrubu, akatazama ndani kwenye sumaku za kunasia sauti na nyaya zake. Kisha akaliunganisha na spika, akalikaza kwa koleo, akapiga. Akapiga tena. Ambakisye alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

Mzee Chaula akauliza, "Baba, unataka nikuambie ubora wake au bei yake?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Ni viwili. Nianze na bei. Gitaa hili lilitengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza, la bei nafuu. Kiwiliwili chake ni plaiwudi. Yalitengenezwa mengi sana kama haya, na Ulaya hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake. Ukiuza leo utapata mbuzi mmoja. Na huyo mbuzi asiwe amenona."

Tusekile akakaa chini. Si kwa huzuni. Alikuwa anacheka mpaka miguu imekataa.

"Lakini ubora," akaendelea Mzee Chaula, "ni habari nyingine. Shingo hii imenyooka kuliko nyingi za bei kubwa. Aliyeichonga alikuwa na siku njema kazini. Sumaku zake zinanasa hata mguso mdogo. Hivi vyuma vimelika sehemu tatu tu, kwa hiyo wewe unapiga nyimbo za kanisani."

"Umejuaje?"

"Ninyi wapigaji wa kanisani wote mnabonyeza hapo hapo. Ila baba, niambie kitu. Hii kutu ni mpya. Na hapa nyuma gundi imeanza kuachia, hii nayo ni ya juzijuzi. Gitaa limevumilia miaka yote hiyo. Mwaka huu mmelifanya nini?"

Tusekile akajibu kwa niaba yake. "Amelitunza."

"Ndani ya nailoni hii?"

"Na mablanketi mawili."

"Mmelipika kwa unyevu," akasema Mzee Chaula. Akalipaka gundi, akalibana, akasugua kutu, akafunga nyuzi mpya, na siku ya tatu wakalichukua.

Nitawaambia Ambakisye alivyojisikia. Kwanza aliona aibu, akiwakumbuka wale mabingwa. Halafu, njiani, aibu ikaondoka na badala yake ikaja raha, kama mtu aliyekuwa anabeba gunia la viazi akaambiwa, tua. Hakuna tena kufuli. Hakuna kulinda. Mkewe atarudi kitandani. Aliposhuka tu kwenye basi hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Lwitiko, gitaa begani, wazi, manyunyu yanaligusa, naye anapiga mluzi.

Akaingia. "Ndugu yangu, nimekuja nalo!"

Lwitiko akamtazama. Alikuwa amekonda. Maneno yakatoka polepole, mazito kuliko zamani. "Limepumzika?"

"Acha utani. Nililipeleka Mbeya kwa fundi. Kumbe la mbuzi mmoja! Watu walinidanganya bure. Sasa nitakupigia kila siku ukitaka."

Akaanza kuweka spika mezani. Lwitiko akainua ule mkono wake mzima.

"Subiri. Fundi angekuambia ni la bei ya gari, leo ungekuja nalo?"

Ambakisye akainama kuangalia viatu vyake.

"Nakuuliza, Ambakisye. Usiangalie viatu."

Ambakisye hakuwa mtu wa kudanganya. Akasema kwa sauti ndogo, "Nisingekuja."

Lwitiko akatikisa kichwa taratibu. "Basi nimejua bei yangu. Kwako mimi ninazidi mbuzi, lakini gari sifiki."

Hapo hakuna aliyecheka. Mke wa Lwitiko alileta chai, ikapoa. Ambakisye alikaa na gitaa magotini, hakugusa uzi. Mwisho akasema, "Nisamehe." Lwitiko akasema, "Uje Jumapili. Leo sina sauti."

Jumapili alikwenda. Alipiga, na Lwitiko aliimba, na urafiki wao ukapona, maana ulikuwa wa miaka mingi na una mizizi. Lakini ile sauti ya chini kabisa, ile ya kutetemesha benchi, haikurudi. Miezi saba bila kuimba, ulimi ulikuwa umejifunga. Mzee Chaula alitengeneza gitaa kwa siku tatu. Lwitiko hakutengenezeka.

Sasa ninyi mmecheka sana, na mimi nilitaka mcheke. Mmemcheka yule aliyenusa gitaa. Mmemcheka Ambakisye na mablanketi yake. Sasa tugeuke tujiangalie sisi.

Sisi tunatoa lini? Si tunatoa kitu kikishashuka bei? Gauni likikupendeza unalifungia kabatini. Siku zipu imegoma kufunga, ndipo unasema, "Mchungaji, Mungu amenigusa, nataka kuwasaidia wahitaji." Mama, si Mungu aliyekugusa, ni zipu! Na wale kuku mnaoniletea mimi nyumbani, nawashukuru sana, lakini nimewala, nawafahamu. Kuku anatagia familia yako miaka minne, anaacha kutaga Jumatatu, Jumanne yuko kwa mchungaji. Tunamchemsha tangu asubuhi mpaka saa nane na bado anabisha.

Nisiwaseme ninyi tu. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea mgonjwa, mama mmoja mnayemfahamu. Alifurahi mpaka akalia. Aliwaambia watu mchungaji amemkumbuka. Wapendwa, nitasema kweli mbele yenu: nilikwenda kwa sababu umeme ulikatika. Kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Mchana wangu ulipopoteza thamani, nikampelekea yeye. Alipokea mabaki akashukuru kama amepewa karamu, na mimi nilikubali kushukuriwa.

Tunadhani mtu hajui. Anajua. Mtoto anajua kama baba yake amekaa naye kwa kumpenda au kwa sababu simu imeisha chaji. Mama mzazi kijijini anajua kama umempigia ulipomkumbuka au ulipokwama kwenye foleni ya benki. Na yeye aliyetuumba, ambaye haangalii kilichoandikwa kichwani wala hanusi, hivi tunamficha nini?

Sasa nendeni nyumbani. Kila mmoja wetu yupo anayemsubiri, ameshawekewa mto mgongoni. Tafuta kitu ambacho bado unakipenda, ambacho bado kina bei machoni pako, umpelekee leo, mvua inyeshe isinyeshe. Ukikishika utasikia kinakuuma kidogo kukitoa. Kisipokuuma, rudi ndani ukachague kingine.